Mama wa Mizani

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi. Sikumuuliza, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza watu, hakuwa na mazoea ya kujieleza. Katika laini, zile safu za nyumba za vibarua wa kahawa, kutoka Thika mpaka Ruiru, walimwita Mama wa Mizani. Mimi nilimwita mama, mwanzoni kwa adabu tu, baadaye kwa sababu sikuona jina jingine lililomfaa.

Nilimjua miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, siku ambazo mtu hakwenda kijiji cha pili bila karatasi ya ruhusa mfukoni. Wenye mashamba walisema posho wanayowapa vibarua inatosha. Madaktari walisema watoto wa vibarua wamekonda. Afisa mmoja mzungu akapewa kazi ya kupima na kuhesabu ili ubishi uishe, akafungua ofisi Thika, chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la chuma. Mimi niliajiriwa hapo kuwa karani. Nilikuwa kijana wa Kikamba kutoka upande wa Gatuanyaga, nina cheti cha shule ya misheni, na nilijivunia safu zangu za namba, ambazo zilinyooka kama mistari ya mkonge.

Nilidhani nitakaa mezani. Wiki ya pili afisa akaniambia nichukue baiskeli, nimfuate mama mmoja atakayenionyesha kazi. Nilimkuta nje ya ofisi akiningoja: mwanamke wa makamo, raba zake nyeupe zimegeuka rangi ya udongo, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na mizani ya kuning'iniza imo ndani ya kiondo mgongoni. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni, akiosha vidonda na kuzalisha wanawake. Masomo yake hayakwenda mbali. Mimi, mwenye cheti, nikaona nimedharauliwa. Nadhani alilisoma hilo usoni mwangu, maana aliniangalia kuanzia kofia mpaka pampu ya baiskeli, akasema, "Karani, wameniambia unajua kuhesabu. Leo tutaona kama unajua kuketi."

Maana yake niliipata siku hiyo hiyo. Katika nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni na fomu yangu nikauliza: watu wangapi, watoto wangapi, posho vibaba vingapi kwa wiki, mnakula mara ngapi kwa siku. Mama wa nyumba alijibu upesi. Mara mbili, alisema. Nikaandika mbili, nikafunga kalamu. Nilipogeuka, niliona Mama wa Mizani amevuta kigoda, ameketi karibu na yule mama, na ameshika kisu anamenya viazi vya watu. Hakuuliza lolote la fomu. Waliongea juu ya mvua, juu ya mtoto anayeota meno, juu ya njia ya kwenda kisimani. Viazi vilipokaribia kwisha ndipo aliuliza jana walikula nini. Walikula ugali baridi wa juzi. Na juzi? Walipika. Na kesho? Hapo yule mama akacheka kidogo, akasema kesho itategemea kuni. Wanawake walimaliza kuchuma kahawa jioni, na kabla hawajafika ukingoni mwa msitu, saa ya kutotoka nje ilikuwa imeingia. Posho ilikuwapo ndani ya gunia, inaonekana. Hapakuwa na moto wa kuipikia.

Tukatoka. Nilikuwa nimeaibika kidogo, lakini nikajitetea kwamba yule mama alinidanganya. Mama wa Mizani alisema hakunidanganya. Alijibu kama watu wanavyomjibu mtu aliyesimama mlangoni na karatasi. Kisha akanikataza kufuta ile mbili. "Iache," alisema. "Hilo ndilo jibu la fomu. Sasa tupite laini nzima tuhesabu ni nyumba ngapi zimewasha moto leo. Huyu ni mmoja. Mmoja anaweza kuwa na bahati mbaya yake mwenyewe."

Tulihesabu mioto siku tatu mfululizo. Mwisho tulikwenda kwa meneja wa shamba, Mama akiwa na maneno ya wanawake na mimi nikiwa na hesabu ya mioto, na meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali visiki vya mibuni mizee, vilivyokuwa vikichomwa bure shambani, viletwe kwa trekta mpaka kwenye laini. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Alikuwa na madaftari mawili. Moja lilikuwa la namba, na namba zake zilipendeza kuliko zangu, kila tarakimu imesimama peke yake kama askari. La pili lilikuwa la maneno, na mwandiko wa humo ulikuwa wa kutisha. Aliandika maneno ya watu kama walivyoyasema, Kikuyu kikiwa Kikuyu, Kiswahili kikiwa Kiswahili, na mtu akinyamaza aliandika "amenyamaza". Mara nyingi mimi ndiye niliyepewa kuyanakili, na nikishindwa kusoma alikasirika kana kwamba kosa ni la macho yangu.

Chakula hakukikataa kamwe. Kwenye nyumba yenye uji mwepesi alikunywa uji mwepesi. Mimi niliona vibaya kuwapunguzia watu wenye njaa, nikawa nasema nimeshiba. Aliniambia nikikataa, wenye nyumba wataona haya, na mtu mwenye haya haelezi mambo yake. Lakini alikuwa na ujanja wake: alikunywa kidogo, akasifu sana, akamwita mtoto mdogo wa nyumba amsaidie kumaliza.

Kwa upande wa namba alikuwa mkali kupita kiasi. Siku moja, karibu na Ruiru, mtoto mmoja alilia na kujipinda kwenye mizani mpaka mshale haukutulia. Jua lilikuwa kali, nikakadiria, nikaandika. Tulikuwa tumefika karibu na Thika aliponiuliza yule mtoto aliyelia alikuwa na uzito gani. Nikamtajia. Akauliza mshale ulitulia lini. Nikakiri haukutulia. Hakunigombeza. Aliketi juu ya jiwe kando ya barabara, akafungua kiondo, akanipa mizani, akasema ataningoja pale pale. Niliendesha baiskeli mpaka Ruiru, nikampima mtoto akiwa amelala, nikarudi. Jua lilikuwa linatua naye yupo juu ya jiwe lile, na saa ya kutotoka nje inakaribia. Askari angetukuta, tungelala ndani sote wawili. Aliangalia namba, akalinganisha na ile ya kukadiria. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Nikasema, kwa uchungu kidogo, kwamba ningeiacha tu. Akajibu kwamba sasa tunajua kuwa ni ndogo, na asubuhi tulikuwa hatujui.

Huyo huyo, mkali wa mshale, hakuweza kushika saa. Tukikubaliana kuonana saa mbili alifika saa nne, amepitia kumwangalia mama aliyejifungua njiani. Aliwaogopa mbwa. Aliwakabili homgadi wenye bunduki langoni mwa kijiji bila kupepesa macho, lakini mbwa mdogo wa nyapara akibweka alijificha nyuma ya baiskeli yangu. Aliimba kwaya kila Jumapili na sauti yake haikufuata wenzake hata mara moja. Nilipothubutu kumwambia, alisema Mungu anamsikia kila mtu kivyake, mwalimu wa kwaya ndiye mwenye taabu.

Alichukia umbea. Hilo lilinishangaza, maana siku nzima alikusanya maneno. Lakini mtu akimletea habari za nyumba ya jirani, alimkatiza na kumwomba aeleze ya kwake. Neno la mtu juu ya nafsi yake, alisema, unaweza kulipima kwa maisha yake. Neno lake juu ya jirani utalipima kwa kitu gani?

Jambo lililomtambulisha kuliko yote ni lile la bomba.

Shamba moja upande wa Ruiru lilikuwa limewawekea vibarua bomba la maji safi, na bado watoto wa laini ile waliharisha bila kukoma. Afisa alitutuma tukahesabu wagonjwa. Wanawake wote tuliowauliza walisema neno moja: ugonjwa umeletwa na bomba. Kabla ya bomba, walisema, watoto walikuwa wazima. Nilimwona Mama wa Mizani akiandika yote, nami nikaandika, na rohoni nikaamini. Watu wengi hivyo wangekosea vipi?

Usiku ule Mama wa Mizani aliyasoma maandishi yote upya. Asubuhi alinipa kazi. Nichore jedwali, upande mmoja nyumba zinazokunywa maji ya bomba, upande wa pili zinazochota kijitoni, kisha tupite nyumba kwa nyumba tuweke alama ya kila mtoto anayeharisha. Tulipomaliza nilidhani nimekosea pande. Wagonjwa karibu wote walikuwa upande wa kijito. Kijito kilipita chini ya kiwanda kipya cha kahawa, na maji ya kuoshea kahawa yaliingia humo yakinuka. Waliokunywa maji ya bomba walikuwa nyumba chache, za watu waliohamia karibuni kutoka mbali, na watoto wao walikuwa wakicheza.

Nilifurahi sana. Nilitaka tuwaite wanawake niwaonyeshe jedwali. Mama wa Mizani alinitazama kwa huruma.

"Utawaambia kijito kibaya," alisema. "Wana pua, karani. Wanajua kinanuka. Uliza kwa nini mtu aliye na pua anapita bomba na kwenda kuchota uvundo."

Alikwenda kuuliza yeye. Siku mbili alikaa kwa mama mmoja aliyeitwa Wangari, mwenye watoto watatu, wote wagonjwa, na siku ya pili Wangari akasema. Wanaume waliochimba mtaro wa bomba walikuta mifupa ya watu. Ilikuwa ya vibarua wa zamani, walioletwa kutoka mbali shamba lilipokuwa likifunguliwa, wakafa, wakafukiwa pale bila alama. Wachimbaji waliamriwa warudishe udongo waendelee na kazi. Walirudisha, bomba likapita katikati ya mifupa, na jioni wakawaambia wake zao. "Maji yale yamepita ndani ya watu," Wangari alisema. "Nitamnywesha nayo mtoto wangu?" Watoto walipoanza kuharisha kwa maji ya kijito, kila mmoja alijua sababu: wafu wamekasirika.

Nyapara mzee aliyesimamia mtaro alikataa kwanza, kisha akakubali, akisema naye hajalala vizuri tangu siku ile.

Mimi niliona tumefika mwisho wa njia. Ukiwaambia wanawake habari za kijito, watachagua ugonjwa kuliko mifupa. Ukimwambia meneja habari za mifupa, atacheka. Mama wa Mizani hakuona hivyo. Aliniagiza nihesabu siku ambazo mama wa watoto wagonjwa hawakwenda kuchuma kahawa. Akaenda na hesabu hiyo kwa meneja. Nilikuwapo. Meneja alicheka kweli aliposikia mifupa, akasema hawezi kuchimbua shamba kwa ajili ya ushirikina wa wanawake. Mama wa Mizani akamwekea karatasi mezani, akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi, "Bwana, hizi ndizo siku ulizopoteza. Sikuombi uamini wafu. Nakuomba mbao za sanduku moja, wanaume wanne na nusu siku."

Meneja aliisoma karatasi mpaka mwisho. Akatoa.

Mifupa ilikusanywa ikatiwa sandukuni, bomba likasogezwa hatua chache, na mchungaji akaja kutoka Thika akazika wale watu kilimani kwa sala ndefu. Mchungaji alipofumba macho, yule nyapara mzee alimimina kitu kidogo ardhini kutoka kibuyuni. Mchungaji alipofumbua macho alitazama mawingu. Tulipotoka kaburini wanawake walisimama mbali na bomba, wakitazamana. Wangari alitangulia. Alijaza debe lake, akachota kwa mkono, akanywa, akasimama kama anayesikiliza tumbo lake. Kisha akajitwisha debe akaenda zake, na wengine wakapanga foleni.

Mwezi uliofuata tulirudi tukahesabu tena. Kuharisha kulikuwa kumepungua mno, ila nyumba mbili ziliendelea kwenda kijitoni. Nilichukia, kwa sababu ziliharibu jedwali langu. Mama wa Mizani alinituma mwenyewe nikaulize. Niliketi. Nilimenya maharagwe mabichi mpaka vidole vikauma. Ilikuwa ugomvi tu: mama wa nyumba hizo mbili walitukanana kwenye foleni ya bomba na wenzao, wakaapa hawatarudi. Nilipoleta habari hiyo alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Ripoti aliitunga yeye, niliipiga taipu mimi. Baada ya kila jedwali alitaka yafuate maneno ya watu wenyewe, kurasa mbili, tatu. Afisa alizisoma zote, nadhani zilimgusa, lakini akasema wakubwa wa Nairobi wanataka jedwali. Maneno si ushahidi. Mama wa Mizani akamjibu, mbele yangu, "Ukiyaondoa, jedwali litasema wanawake hawa walipewa maji safi wakayakataa kwa ujinga. Namba zitakuwa za kweli na habari itakuwa ya uongo." Afisa akasema atafikiri. Mama alipoondoka, akaniamuru nizitoe zile kurasa nipange upya. Nilikuwa na mke, nilikuwa na mtoto mchanga Gatuanyaga, na kazi ya ofisi haikuokotwa njiani. Nilizitoa. Niliketi na wembe nikakata uzi wa jalada, nikatoa karatasi moja moja, na kila moja niliijua.

Nakala ilipokuja aliifungua palepale ofisini, akaipekua taratibu mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

"Ni wewe uliyezitoa?"

"Ni mimi, mama."

"Ziko wapi?"

"Kabatini."

"Usizitupe," alisema. Mwisho wa mwezi ule aliacha kazi. Aliweka mizani mezani kwa afisa, akamshukuru, akatoka kwa miguu kuelekea Ruiru. Sikumfuata. Duru ya pili ya kupima nilifanya mimi, nikiwa na msaidizi, na nilipima vizuri, lakini sikuwa nakaa sana.

Ikapita miaka michache. Hali ya Hatari ilikuwa inalegea, watu wakawa wanarudi kutoka vizuizini, na ofisi yetu ikaambiwa itafungwa, faili zipelekwe Nairobi. Mama mmoja wa sokoni aliniletea ujumbe kwamba Mama wa Mizani amesikia habari za faili na anataka kuniona kabla hazijaondoka. Nilikwenda Jumamosi, moyo mzito. Nilijua atasema juu ya zile kurasa.

Alikaa chumba kimoja Ruiru, karibu na reli. Macho yalikuwa yamefifia, akanitambua kwa sauti. Nikaanza kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Hilo lako utalimaliza mwenyewe," alisema. "Nimekuita kwa langu. Kuna fomu moja niliyoandika uongo."

Nilidhani sijasikia.

Wakati ule ofisi ilikuwa ikitoa maziwa ya unga kwa watoto wa umri wa miaka miwili walio chini ya ratili kumi na tisa. Katika laini moja kulikuwa na mtoto wa kike, mtoto wa Mama Njoki, ambaye mshale ulionyesha ishirini na moja. Hakustahili. Mama yake hakulia wala hakuomba. Alisema tu kwamba amekwisha kuzika mmoja, na yule naye alianza hivi, kwa kutotaka kucheza. Mama wa Mizani akaandika kumi na nane.

"Ningeandika ishirini na moja, na pembeni nikaandika kwa nini anahitaji maziwa, kisha nikapigana na ofisi," alisema. "Nilichoka siku ile. Nikachukua njia fupi. Wewe nilikurudisha Ruiru juani kwa kosa dogo kuliko hilo. Nataka uirekebishe."

Nilimwambia hakuna atakayejali. Faili zitalala Nairobi na panya.

"Siku moja mtu atazifungua," alisema. "Asidanganywe na mkono wangu."

Jumatatu nilifungua kabati. Nilitafuta mpaka mchana nikaiona, namba zake zimesimama kama askari. Nikapiga mstari juu ya kumi na nane, nikaandika ishirini na moja, na pembeni nikaandika maneno ya Mama Njoki jinsi alivyonisimulia. Kwenye faili lilelile nikaweka zile kurasa nilizozitoa kwa wembe, kila moja nyuma ya jedwali lake, nikafunga kwa uzi mpya. Hakuna aliyeniamuru, na hakuna aliyenizuia.

Ndipo nikaona chini yake fomu ya duru ya pili, kwa mwandiko wangu. Njoki, baada ya miezi mitano ya maziwa: ratili ishirini na mbili. Kabla ya kurekebisha, fomu ilionyesha mtoto ameongezeka ratili nne, na mtu yeyote angesema maziwa yalifaa. Sasa, kwa ukweli, ameongezeka moja.

Ningeweza kunyamaza. Jumamosi nikapanda baiskeli nikamwambia.

Alihesabu kwa vidole. "Moja," alisema. "Miezi mitano, moja. Ama mizani yako ilikuwa mbovu, ama maziwa hayakunywewa, ama kuna jambo." Akasimama, akatafuta leso yake kwa kupapasa. "Mama Njoki bado yupo laini ile?"

Sikujua.

"Basi twende tukaulize."

Tulikwenda kwa miguu, mimi nikisukuma baiskeli, yeye ameshika kiti cha nyuma, na alitembea upesi kuliko mtu anayeona. Mama Njoki alikuwapo. Alimkumbatia, akatuwekea viti nje, akaleta uji. Mama wa Mizani alikunywa, akasifu. Akauliza mvua, akauliza maumivu ya viungo. Nilikaa. Sikutoa karatasi.

Njoki mwenyewe alipita, msichana mwembamba mwenye meno yaliyochomoza mbele, akatuamkia, akaenda. Mama wa Mizani akageuza uso kuelekea sauti ile. Kisha akasema, polepole, kwamba yale maziwa yalimletea mtoto ratili moja tu, naye hakuja kumlaumu mtu, amekuja kujua.

Mama Njoki aliweka kibuyu chake cha uji chini.

"Niliyagawa," alisema. "Nusu kwa Njoki. Nusu kwa mtoto wa nyumba ya mwisho. Mama yake alikuwa amechukuliwa kizuizini, na bibi yake alimficha ndani, maana hakuwa na ruhusa ya kukaa laini hii. Mlipokuja kuhesabu tulimweka nyuma ya magunia. Hakuwa kwenye karatasi zenu."

"Aliishi?"

Mama Njoki akaita jina. Kutoka nyuma ya nyumba akaja msichana mwingine, mrefu kidogo kuliko Njoki, mikono yake imejaa maganda ya mahindi, akasimama mbele yetu akiwa hajui ameitiwa nini. Mama wa Mizani akanyoosha mkono mpaka ukamgusa bega, akapapasa mkono wa mtoto kuanzia juu hadi kwenye kiwiko, akaushika pale ambapo nyama hukaa, kama alivyozoea kuwashika watoto kabla ya kuwapima. Akamuuliza jina lake, na jina la mama yake, na kama mama amerudi. Amerudi, mtoto alisema. Mwaka huu.

Nilikuwa natazama tu. Mama wa Mizani hakumwachia mtoto. Alinigeukia.

"Karani," alisema, "mbona huandiki?"